Maana ya "utulizaji hafifu" katika ubongo wa panya wa usonji

Jirani yangu wa Langoni ana mtoto wa miaka tisa mwenye usonji. Juzi baada ya magharibi tulikuwa barazani, akanipa simu yake nisome. Mtu amemrushia habari kwamba panya wenye usonji "wamepona" kwa dawa ya jamii ya zile za kutuliza wasiwasi. "Mwanangu, hii si ndiyo ile aliyokuwa akipewa marehemu mama apate usingizi?" akaniuliza. Nikamwambia ni ndugu zake, ila kabla ya kukimbilia dukani tuanze na neno lenyewe lililotajwa pale: utulizaji hafifu.

Seli za ubongo huwasiliana kwa kurushiana kemikali. Zipo seli chochezi, zinazotumia zaidi glutamati, nazo huiamsha seli inayofuata ipeleke ujumbe mbele. Na zipo seli tulizi, ambazo kemikali yao kuu ni GABA. GABA ikitua kwenye kipokezi chake, kilango hufunguka, ioni za kloraidi, yaani chembe ndogo zenye chaji, huingia, na seli ile inakuwa nzito kuamka. Katika gamba la ubongo wa panya seli tulizi hazifiki hata robo ya seli zote za neva, lakini kazi yao ni kubwa kuliko idadi yao.

Wengi husikia "kutuliza" wakaelewa "kuzima". Tazama basi mashua za mashindano hapa Lamu. Tanga likishajaa, ubao hutokezwa nje upande wa upepo, na vijana wawili watatu huukalia, miili yao ikining'inia juu ya maji. Hawaizuii mashua kwenda. Wasipokuwapo nahodha atalazimika kupunguza upepo tangani, la sivyo apinduke. Uzito wao ndio unaomwezesha kuubeba upepo wote. Seli tulizi ni wale vijana wa ubaoni. Ndizo zinazoamua ujumbe upi upite na upite wakati gani. Zikilegea, na huo ndio utulizaji hafifu, ubongo haupati nguvu zaidi, unapata fujo, na fujo ikizidi sana huwa kifafa, ambacho huwapata watu wenye usonji mara nyingi kuliko wengine.

Mwaka 2003 John Rubenstein na Michael Merzenich, watafiti wa Marekani, walipendekeza kwamba baadhi ya aina za usonji huenda zinatokana na mizani kati ya uchochezi na utulizaji kuelemea upande wa uchochezi. Ni dhana tu, na ukisoma vizuri wao walisema baadhi ya aina.

"Na huyo panya walijuaje ana usonji? Alisema?" jirani aliuliza. Hilo ndilo swali. Hakuna panya mwenye usonji. Wapo wenye tabia zinazofanana nao. Kuna ukoo wa panya wa maabara uitwao BTBR. Mweke mmoja katika sanduku la vyumba vitatu, upande mmoja panya mgeni ndani ya kitundu, upande wa pili kitundu kitupu. Panya wa kawaida hukaa zaidi kwa mgeni, ananusa, anarudi tena. Huyu wa BTBR hamjali sana mgeni, na hujilamba na kujisugua manyoya muda mrefu kupita kawaida.

Mwaka 2014 kundi la William Catterall, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, lilipima vipande vya ubongo wa panya hao, katika sehemu iitwayo hipokampasi, likakuta ishara za utulizaji zimepungua. Wakawapa benzodiazepini, ndiyo ile jamii ya dawa za kutuliza wasiwasi, ambazo hazifungui kile kilango zenyewe bali huisaidia GABA kukifungua, na panya wakaanza kuchangamana. Kilichonivutia mimi zaidi ni jaribio la kinyume: panya wa kawaida walipopewa dawa ya kudhoofisha utulizaji, nao wakapunguza kuchangamana.

Ila dozi iliyofanya kazi ilikuwa ndogo sana, chini ya ile ya kumlaza panya. Walipoiongeza, faida ikatoweka. Ni kama kuwarundika watu kumi kwenye ubao ule: mashua italalia upande wa pili.

Kwa watoto njia imekuwa na matuta. Bumetanidi, dawa ya kukojoza iliyotarajiwa kuimarisha kazi ya GABA, ilifikishwa kwenye majaribio makubwa, yakasimamishwa mwaka 2021 kwa sababu waliopewa hawakuwashinda waliopewa kidonge kitupu.

Mtoto wa jirani alikuwa amejibana mlangoni, vidole masikioni, punda wawili wakilia kichochoroni. Siwezi kusema utulizaji hafifu ndio unaotokea kichwani mwake. Mama yake nilimwambia nililo na hakika nalo: vidonge vile vya benzodiazepini humfanya mtoto mmoja asinzie na mwingine achachamae, mwili huvizoea, na aliyevizoea akiviacha ghafla anaweza kupata degedege. Akaifuta ile habari, kisha akaniuliza daktari wa watoto anakuja siku gani.