Hush: nyumba moja, usiku mmoja, na mabega ya Kate Siegel

Mimi ni mhariri wa sauti za filamu, kwa hiyo nikisikia kuna filamu ya kutisha ambayo mhusika wake mkuu hasikii wala hasemi, naikalia kitako. Hush ya mwongozaji Mike Flanagan ilitoka 2016, na hadi leo vijana wanaoanza kazi hii nawaambia waitazame wakiwa wamevaa hedifoni.

Hadithi ni fupi. Maddie, mwandishi wa riwaya, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 13, akapoteza usikivu na sauti. Anaishi peke yake kwenye nyumba iliyozungukwa na msitu. Usiku mmoja anatokea mwanamume mwenye kinyago, na akishagundua kwamba mwenye nyumba ni kiziwi, anaamua kumchezea kwanza kabla ya kumuua. Basi. Waigizaji unaowaona ni watano, filamu haifiki hata saa moja na nusu, na bajeti yake inatajwa kuwa kama dola milioni 1. Kwa Hollywood hiyo ni hela ya chai.

Sasa tuje kwenye tukio lililonifanya niandike. Sarah, jirani yake Maddie, anakuja mbio akivuja damu na kuubamiza mlango wa kioo akiomba msaada. Maddie yuko jikoni, hatua chache tu kutoka hapo, anaendelea na shughuli zake. Sarah anauawa palepale kwenye kioo.

Mtu mwenye masikio mazima akisikia kishindo nyuma yake hana muda wa kushauriana na mwili. Mabega yanapanda, kope zinapiga, shingo inakaza. Ukimwambia mwigizaji asishtuke, mara nyingi atajikaza, na kamera inakuona unavyojikaza. Kate Siegel, anayeigiza Maddie, hajikazi. Mwili wake umelegea, macho yako kwenye kazi ya mikono yake, na mgongo wake hauna habari kabisa. Uovu wa yule muuaji nusu yake unatoka kwenye utulivu huo, maana hata yeye anasimama akishangaa, kisha anagonga kioo kuhakikisha.

Kwenye sauti, filamu inatuhamisha: mara tunasikia anachosikia muuaji, mara tunaingia kichwani mwa Maddie. Huko ndani hawakuzima sauti yote. Waliacha mvumo mzito wa chini, kama umezamishwa kwenye maji. Wamefanya la maana, kwa sababu ukimya mtupu unamtoa mtazamaji kwenye filamu. Anaanza kusikia feni ya jirani na kudhani spika imekufa. (Sisi wa huku tunaopenda kumwaga kinanda kila sehemu tungejifunza kitu hapo.)

Kingine kilichonifurahisha ni kinyago. Filamu nyingi za aina hii zingemwacha muuaji nacho hadi mwisho. Hapa Maddie anaandika kwa lipstiki kwenye kioo kwamba hajamwona sura na hatamsema, na jamaa anakivua makusudi. Kwa hesabu za mswada, ambao Siegel aliuandika pamoja na Flanagan, huo ni ujanja mkubwa: mdomo ukionekana, Maddie anaweza kuusoma, na wawili hawa wanapata kuzungumza. John Gallagher Jr., anayeigiza muuaji, anaongea, Siegel anajibu kwa macho. Angalia anavyoangalia midomo kwanza, halafu ndiyo hofu inafika, ikiwa imechelewa kidogo. Ucheleweshaji ule ndio uigizaji wenyewe.

Sehemu ambayo sikuipenda sana ni pale tunaposikia sauti ya mawazo yake ikipanga njia za kutoroka moja baada ya nyingine. Inaelezwa mno, wakati uso ulishatuambia.

Wapo pia viziwi waliouliza kwa nini nafasi hii ilipewa mwigizaji anayesikia, na swali lao ni halali. Miaka miwili baadaye filamu ya A Quiet Place ilimtumia Millicent Simmonds, ambaye ni kiziwi kweli, na lugha ya alama pale inatiririka kwa namna ambayo huipati hapa. Kwa hiyo namsifu Siegel kwa mwili na macho. Kwa mikono, bado.

Ukiipata, lile tukio la mlangoni litazame mara mbili: mara ya kwanza na sauti, mara ya pili bila, ukimwangalia Maddie peke yake.