Besi: nusu ngoma, nusu mwimbaji

Mtaani ukisema "besi" watu huelewa ule mvumo wa chini unaotikisa vioo vya daladala. Mwanamuziki akilitaja neno hilohilo, mara nyingi anamaanisha chombo: gitaa la umeme lenye nyuzi nne nene, E, A, D na G, yaani zilezile nyuzi nne nzito za gitaa la kawaida, ila zimeshushwa oktavu moja, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi. Katika bendi za dansi liko gitaa la solo, liko la rhythm, kisha liko hili, ambalo watangazaji wetu wamezoea kuliita "gitaa zito la besi".

Kazi yake imekaa mahali pagumu kueleza. Kwa upande mmoja ni ngoma: linashikana na ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu ili mwendo usiyumbe. Kwa upande wa pili ni sauti, kwa kuwa noti yake ndiyo inayowaonyesha waimbaji na magitaa mengine wamesimama wapi. Mpigaji wa besi kila wakati anachagua aegemee upande gani, na kwangu mimi historia nzima ya chombo hiki ni historia ya uchaguzi huo.

Kabla yake kulikuwa na dabal besi, lile zeze kubwa la kusimama linalompita mtu kimo. Kulisafirisha ni adha, na bendi ikichangamka halisikiki. Tena shingo yake ni laini tupu, kidole kikiteleza kidogo tu noti inachacha. Paul Tutmarc wa Seattle alijaribu kutengeneza besi ya umeme katikati ya miaka ya 1930, lakini haikushika soko. Aliyefanikiwa ni Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye kwa maajabu hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa Precision Bass, yenye nyuzi za urefu wa sentimita 86 hivi na vipande vya chuma vilivyopandwa kukatiza shingo ili kila noti itoke mahali pake. Jina Precision lilitokana na usahihi huo. Monk Montgomery, kaka yake mpiga gitaa Wes, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuizungusha majukwaani, akiwa na bendi ya Lionel Hampton. Wanajazi wengi walilidharau gitaa hilo kwa miaka kadhaa.

Aliyelipatia gitaa hilo heshima ni James Jamerson. Huyu alilelewa na dabal besi, akaja kuwa mpigaji wa studio ya kampuni ya kurekodi muziki ya Motown mjini Detroit, na nyimbo nyingi za kampuni hiyo zilizovuma miaka ya 1960 zina mkono wake. Mkono ni kusema tu, maana alichomoa kwa kidole kimoja cha shahada, nacho wenzake wakakibandika jina "Ndoano". Nyuzi hakubadilisha mpaka zikatike. Uchafu, alidai, ndio unaotunza utamu wa sauti. Waliomtangulia walirudia noti mbili tatu za kodi (chord), yaani kundi la noti zinazolia pamoja. Yeye aliruka, akachelewa kwa makusudi, akapita kwenye noti za kando na kurudi nyumbani kwa wakati, kana kwamba kuna mwimbaji wa pili chini ya yule anayeshika maikrofoni. Hata hivyo mashabiki hawakumjua, kwa sababu Motown haikuwa ikiandika majina ya wapigaji kwenye majalada. Jina lake lilikuja kuonekana mwaka 1971 kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On. Alifariki mwaka 1983.

Larry Graham alivutwa upande wa ngoma, na alivutwa na shida. Akiwa kijana alipiga na mama yake, mpiga piano, katika kumbi za eneo la San Francisco. Mpiga dramu alipoondoka, Graham akaamua kuziba pengo: kidole gumba kikagonga uzi mnene badala ya dramu ya mguu, vidole vingine vikauvuta uzi mwembamba na kuuachia ulie kama dramu ndogo. Alipoingia bendi ya Sly and the Family Stone mtindo huo ukasikika dunia nzima, na muziki wa funki haukurudi ulivyokuwa.

Jaco Pastorius akaenda upande mwingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1951, mwaka uleule wa besi ya Fender, na akaja kung'oa kile ambacho Fender alikipanda. Vile vipande vya chuma alivitoa kwenye besi yake, akajaza mianya na kupaka shingo gundi ngumu inayotumika kwenye mashua. Hakuwa wa kwanza kupiga besi isiyo na vyuma, lakini albamu yake ya mwaka 1976 ndiyo iliyofanya watu waulize kama hicho ni chombo kilekile. Noti zilijikunja na kulia kama koo la mtu. Kuna walioanza kumwiga wakasahau kushika mwendo, lakini hilo si kosa lake.

Bakithi Kumalo wa Soweto naye alipiga besi isiyo na vyuma, kwenye albamu ya Paul Simon ya mwaka 1986, Graceland. Katika wimbo You Can Call Me Al kuna kipande kifupi anachobaki peke yake, noti zikishuka kisha zikapanda kwa kasi ya ajabu. Nusu ya kwanza aliipiga kweli. Nusu ya pili ni ileile, mkanda umegeuzwa ukachezwa kinyumenyume. Wapiga besi wa leo hujifungia vyumbani kujifunza nusu zote mbili.