Nyasi Kwanza, Farasi Baadaye

Simu huwa inaanza hivi: "Dokta, shikamoo. Kuna mtu huku Usa River anahama nchi, anauza farasi wake kwa bei ya kutupa. Nimchukue?" Namjibu marahaba, kisha namuuliza ana marobota mangapi ya nyasi stoo. Wengi hucheka, wakidhani nawatania.

Mimi ni daktari wa mifugo. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa kati ya Ngaramtoni na Tengeru, huku Arusha. Farasi ninaowahudumia ni wachache, lakini hao wachache ndio wanaonitoa kitandani saa nane za usiku. Na mara nyingi ninapofika nakuta mwenye farasi aliweka akiba ya kumnunua, akasahau kuweka ya kumlisha.

Tupige hesabu. Farasi wa kilo 450 anahitaji chakula kikavu karibu asilimia 2 ya uzito wake kila siku, yaani kilo 9. Ongeza anachokanyaga na kukojolea, weka 10. Kwa mwaka ni kilo 3,650. Robota likiwa na kilo 15, unahitaji marobota 243. Tuseme umelipata kwa shilingi 6,000 (bei ya mfano tu, wewe ulizia ya kwenu): hiyo ni 1,458,000, na hujamlipa saisi (mtunza farasi) wala fundi wa kwato, ambaye anatakiwa kuja kila baada ya wiki sita hadi nane. Farasi wa bei ya kutupa anaweza kuwa rahisi kuliko nyasi atakazokula mwaka wake wa kwanza.

Hapo mtu aliyekulia kwenye ng'ombe hunijibu, "Lakini Dokta, nyumbani kuna mabua, kuna pumba, kuna maganda ya maharage. Atakula na wenzake." Hapo ndipo hesabu za wengi zinapoharibikia. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, anacheua, na vijidudu vya tumboni mwake vinavunja sumu nyingi kabla hazijamdhuru. Farasi tumbo lake ni dogo, limeumbwa kwa mnyama anayetafuna kidogo kidogo mchana kutwa, tena hawezi kutapika. Kibaya kikishaingia, kimeingia. Utamwona anajitazama ubavuni, anachimba chini kwa kwato, analala na kuamka. Huo ni msokoto wa tumbo, na kila saa unayochelewa inampunguzia nafasi ya kupona.

Mahindi yenye ukungu ndiyo yanayonitisha zaidi. Kuna ukungu unaotoa sumu iitwayo fumonisini, ambayo kwa farasi inashambulia ubongo. Anaanza kupepesuka kama mlevi, anasukuma ukuta kwa kichwa, na ndani ya siku chache amekwisha. Ng'ombe aliyekula gunia lilelile huenda usione kitu. Chakula cha kuku nacho: baadhi hutiwa monensini, dawa ya kuzuia koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara wa kuku), na kiasi kisichomsumbua kuku kinaharibu moyo wa farasi. Niliwahi kuitwa kwenye banda moja Njiro ambako mfanyakazi, kwa huruma kabisa, alimmwagia farasi mabaki ya chakula cha kuku. Dawa ya kuiondoa hiyo sumu haipo. Tukasubiri naye hadi asubuhi.

Hata josho. Dawa za kupe zenye amitrazi, ambazo kila duka la pembejeo linazo, zinaweza kuyasimamisha matumbo ya farasi yasisukume kitu. Kwa hiyo kwenye daftari lako farasi awe na ukurasa wake: nyasi zake, stoo yake, dawa zake. Ukimbana kwenye bajeti ya ng'ombe, ujue siku moja utaniita.

Sasa akiba yenyewe. Wengi wetu tuko kwenye vikoba, na sina ugomvi na vikoba. Mke wangu ni mweka hazina wa kimoja. Tatizo ni kalenda. Vikundi vingi huvunja na kugawana Desemba, wakati nyasi nzuri huku kwetu hukatwa na kufungwa baada ya masika, Juni na Julai. Ikifika Oktoba robota linatafutwa kwa tochi na bei imeshapanda. Fedha ya Desemba, tena kwa sisi wa upande wa Moshi, kila mtu anajua inapoishia: inapanda mlimani kula Krismasi na hairudi. Fedha ya nyasi iweke mahali unapoweza kuichukua Juni bila kumwomba mtu ruhusa. Wengine wanatumia mfuko wa ukwasi wa UTT, ule wa uwekezaji wa pamoja, wengine akaunti ya pembeni benki. Kibubu sikushauri, kinavunjika kirahisi mno.

Ninachowaambia wateja ni hiki: kwa miezi kumi na miwili jilipishe kana kwamba farasi yupo. Kila mwisho wa mwezi toa mshahara wa saisi, nyasi, kwato, dawa ya minyoo, na kitu cha dharura. Mwezi ukikushinda, hujapoteza chochote na hakuna mnyama aliyelala njaa. Ukifika Juni fedha ipo, nunua nyasi. Za farasi zitangulie hata banda halijaezekwa. Chagua za kijani kibichi zinazonuka vizuri, nyasi za Rhodes ukizipata, na ingiza mkono katikati ya robota. Ukihisi joto au unyevu, liache hapo hapo.

Kwenye fungu la dharura weka pia chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi vyake vina aina 9, vinaenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, na katika sura yake ya mapafu ugonjwa huu unaweza kuua hadi farasi 95 katika kila 100 wasio na kinga. Pundamilia wanabeba virusi hivyo bila kuugua, na sisi hapa Monduli na West Kilimanjaro tunaishi nao. Chanjo inayotumika zaidi barani hutengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini. Usitegemee kuikuta kwenye duka la mtaani, inaagizwa mapema na inasafiri kwenye barafu. Usubi hupenda magharibi na alfajiri, hivyo farasi awe ndani kabla jua halijazama. Punda naye hubeba virusi hivyo, na minyoo ya mapafu pia, bila kuonyesha dalili. Nalisema hili kwa sababu farasi hapendi kukaa peke yake, na wengi humtafutia punda awe mwenzake. Si vibaya, ila mpimeni kwanza.

Kuhusu kuchagua farasi mwenyewe nitasema kidogo. Kama ni wa kwanza, achana na mtoto wa farasi hata akiwa mzuri namna gani. Tafuta wa miaka kumi hadi kumi na tano, aliyekwisha kubeba watu wa kila aina. Fika bila kutarajiwa, umwone akitolewa bandani kabla hajapashwa misuli. Na daktari atakayempima umlipe wewe, si muuzaji.

Kuna mhasibu mmoja wa Sakina alinipigia simu mwaka juzi na ile hadithi ya bei ya kutupa. Nikamuuliza swali langu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sina hata moja, Dokta." Juni iliyopita alinunua marobota 250, akayapanga kwenye udongo mtupu, na mchwa wakala safu yote ya chini. Aliniita nikaangalie hasara. Ameshanunua chaga za mbao, ameyainua yaliyobaki, na daftari lake ni safi kuliko langu. Jumamosi hii tunakwenda Sanya Juu kumtazama farasi jike wa miaka kumi na miwili. Ndivyo anavyodai muuzaji. Nitabeba tochi nimwangalie meno.