Usimkate mwiba samaki wako, badilisha chombo

Juzi asubuhi jamaa mmoja alifika hapa kituoni na boda, amekumbatia kavera nyeusi (mfuko wa plastiki) kifuani inachuruza maji mpaka kwa suruali, na ndani kuna gogogo mkubwa, hawa ambao Waganda wanawaita nkolongo, urefu kama sentimita 25 hivi, amelala ubavu na maji yamebaki ya kufunika tumbo tu. Alimtoa Jinja usiku akiwa salama. Kavera ya kwanza ikatobolewa kabla ya Mukono, akaongeza ya pili juu yake, nayo ikatobolewa, akaongeza ya tatu. Nilipomwinua yule samaki alikuwa analia, ile sauti ya kukwaruza kama bawaba kavu ya mlango, na jamaa akaniuliza kwa uchungu kabisa: "Daktari, si ningemkata tu hii miiba kabla ya safari?"

Hapana ndugu yangu. Na kwa vile swali hili naulizwa mara nyingi, na najua kuna wauzaji wanafanya hivo hivo kwa koleo alafu wanakuambia ni kawaida, wacha nieleze polepole, sababu huyu samaki anaumia bure wakati dawa yake ni ndoo ya plastiki.

Gogogo, semutundu (naye ni wa jamii ya kambale) na kambale mwenyewe wote wana mwiba mmoja mmoja kwa kila pezi la kifua, na gogogo na semutundu wana mwingine mgongoni. Huo mwiba si kama ukucha ambao unakata na haumi. Ni mfupa wenye damu na mishipa ya fahamu, umeshikana na mifupa ya bega, na wa gogogo pembeni una meno kama msumeno. Samaki akishtuka anausimamisha na unajifunga pale pale kama komeo, ili ndege au samaki mkubwa ashindwe kummeza. Hakuchomi kwa ubaya, anaogopa tu. Na ile sauti ya kulia ni shina la mwiba wa kifua linasuguana ndani ya tundu lake. Kwa hiyo ukisikia hivo jua samaki ana hofu, na mwiba uliofungwa usijaribu kuulaza kwa nguvu, utavunja kiungo. Akitulia ataulaza mwenyewe. Ukiukata, umefungua kidonda cha mfupa alafu unamfungia kwa maji yake machafu masaa manane au kumi, hapo umekaribisha bakteria na fangasi, na akifika anakufa siku ya nne wewe unalaumu maji ya mteja.

Shida inaanza kwa neti. Neti ya matundu na samaki wa miiba haviendi pamoja kabisa. Mimi mwenyewe miaka yangu ya kwanza kazini niliingiza neti kwa tangi la semutundu, mwiba ukashika nyuzi, nikavuta, nikavuta tena, na pezi lote likachanika mbele ya macho yangu, mpaka leo nikishika neti namkumbuka yule samaki. Siku hizi tunazamisha beseni au kavera nene ndani ya maji, tunamsukuma taratibu kwa mkono ulioloa mpaka aingie mwenyewe, na tunamhamisha akiwa na maji yake bila kumtoa hewani. Kama tayari kashika kwa neti, kata neti, usimkate samaki. Mkono uwe umeloa sababu mkono mkavu unatoa ule ute wa ngozi, na ute ndo ngao yake dhidi ya magonjwa.

Ukichomwa wewe: samaki wengi wa jamii ya kambale wana sumu kidogo kwa ngozi ya mwiba, inauma na kuvimba. Osha, alafu tumbukiza mkono kwa maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, digrii 45 hivi, kwa nusu saa au zaidi, joto linaharibu hiyo sumu. Jipime kwanza na mkono ule mzima, mkono uliochomwa unaweza kukudanganya. Kipande kikibaki ndani au ukichomwa karibu na kiungo, nenda kliniki na uulize sindano ya pepopunda.

Sasa chombo. Safari ya barabara, samaki mmoja mkubwa, ndoo moja yenye mfuniko, basi. Wawili kwa ndoo moja watachomana. Ndoo ya lita 20 inamtosha huyo wa sentimita 25 sababu anaweza kugeuka, akiwa mrefu zaidi tafuta pipa fupi pana, kipimo ni kwamba asikunjwe. Iwe ndoo ambayo haijawahi kubeba rangi, dawa ya shamba wala sabuni. Maji yafunike mgongo na zaidi kidogo, usijaze mpaka juu, ile nafasi ya hewa ni muhimu na kwa kambale ni uhai wenyewe maana yeye anapanda juu kuvuta hewa, ukimjazia mpaka kwa mfuniko umemzamisha, najua inaonekana ajabu samaki kuzama lakini hutokea, na kamongo ni vile vile. Toboa vitundu vidogo kwa mfuniko, weka ile pampu ndogo ya hewa ya betri na betri za akiba mfukoni. Funga mfuniko kabisa, gogogo anaruka. Funika ndoo na kitenge au gunia, giza linamtuliza kuliko dawa yoyote, na tafadhali usimpe dawa ya usingizi uliyosikia kwa rafiki, kipimo kikizidi kidogo matamvua yanaacha kupumua. Ondoka saa kumi na moja alfajiri kabla ya jua na kabla ya jam. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo zaidi, na samaki naye kwa joto anahitaji oksijeni zaidi, kwa hiyo ndoo iliyokaa kwa buti ya gari juani inambana pande zote mbili.

Kwa ndege ni tofauti, hapo chombo lazima kifungwe kisivuje na shirika la ndege litafuata kanuni za wanyama hai za IATA, ule muungano wa mashirika ya ndege duniani, uliza mapema wanataka nini kabla hujafika Entebbe na boksi. Tunachofanya ni kavera nene mbili au tatu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake tabaka nene la magazeti au karatasi ngumu ya plastiki, ili mwiba ukipita kavera ya kwanza ukutane na ukuta. Kona za chini zifungwe ziwe za mviringo, samaki asijibane pale. Maji thuluthi moja, thuluthi mbili oksijeni safi ya mtungi, si hewa ya kupuliza kwa mdomo. Na usiijaze ikakaza kama ngoma, sababu hewa ndani ya ndege angani ni nyepesi kuliko hapa chini, kavera itavimba zaidi, na kavera iliyokaza ndo rahisi kutobolewa. Yote iingie kwa boksi la povu jeupe kama yale yanayobeba fileti za sangara, lakini liwe jipya.

Kabla ya yote hayo, mnyime chakula. Siku mbili kwa samaki mkubwa, na semutundu aliyemeza samaki mzima mpe hata tatu. Watu wanaona ni ukatili, mama mmoja aliniambia yeye hawezi kumsafirisha mgeni na njaa, lakini samaki mwenye afya anavumilia hizo siku bila shida, na chakula alichokula leo ndo amonia ya kesho, ile taka yenye sumu inayotoka mwilini mwake.

Hiyo amonia ndo nataka uielewe vizuri kwa sababu inaua samaki ambao safari nzima walikuwa hai. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua, hata akiwa ametulia. Kwa kavera iliyofungwa anatoa pia kabonidayoksaidi, hiyo haina pa kwenda, inafanya maji yawe na asidi, yaani pH inashuka (pH ni kipimo cha asidi, asidi ikizidi namba inashuka). Na pH ikishuka, amonia nyingi inageuka kuwa ile aina isiyo na sumu kali. Kwenye pH 7 na joto la digrii 25, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Sasa fikiria: umefika, umefungua kavera uone samaki, kabonidayoksaidi inatoka, pH inapanda, na amonia yote iliyolala mle ndani inaamka na sumu yake dakika hizo hizo, na wewe umekaa unaongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa saa nzima ukidhani unamzoesha. Unamchoma matamvua.

Kwa hiyo kavera ya safari ndefu ielee kwa tangi ikiwa BADO IMEFUNGWA, nusu saa, joto lilingane. Alafu fungua na umhamishe haraka kwa bakuli, maji ya safari mwaga nje ya tangi, usiyachanganye hata kidogo. Huko anakoenda maji yawe yameandaliwa jana, yasiwe yametoka kwa bomba saa ile maana klorini nayo inachoma. Kwa ndoo yenye pampu mambo ni mengine kidogo: gesi inatoka njiani, pH haishuki, kwa hiyo amonia ina sumu tangu mwanzo, ndo maana huko kumnyima chakula na kubadilisha nusu ya maji safari ikipita masaa sita sio hiari. Maji ya kubadilishia beba kwa jerikani kutoka nyumbani.

Na karatasi: ongea na afisa wa samaki wa wilaya kabla ya kusafirisha samaki hai, utahitaji kibali. Hawa samaki wageni wa dukani kama pleko na oska wakikushinda usiwamwage ziwani hata siku moja. Sangara aliletwa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, miaka ya 50 na 60, na nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, aina nyingi sana hatuzioni tena.

Yule gogogo wa jamaa wa Jinja tulimweka kwa tangi lenye giza, taa zimezimwa, bomba moja la udongo ndani ajifiche, hakuna chakula. Alikaa ameegemea ukuta na mwiba wa mgongoni umesimama wima masaa matatu na zaidi. Jioni nilipita na tochi ya simu nimeziba mwanga kwa vidole, nikamkuta ndani ya bomba, na mwiba ameulaza.