Glukosi ileile: wanga unalika, pamba haiyeyushwi tumboni

Uzi wa pamba na punje ya wanga, ukivivunjavunja hadi mwisho, vyote vinakupa kitu kimoja: glukosi. Hata hivyo wanga hutupa nguvu, na pamba tunaivaa. Kinachovitofautisha ni jinsi glukosi hizo zilivyoungana.

Vyote viwili, pamoja na sukari, ni kabohaidreti, na kabohaidreti hujengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Aghalabu kila atomu ya kaboni huandamana na haidrojeni mbili na oksijeni moja, ingawa kanuni hii ina wakaidi wake: deoksiribosi, sukari iliyomo ndani ya DNA, ina oksijeni moja pungufu. Glukosi ni C6H12O6. Fruktosi na galaktosi zina fomula hiyohiyo, ila atomu zimepangwa vingine, na hilo latosha kuifanya fruktosi iwe tamu kuliko glukosi. Mjerumani Emil Fischer, aliyeufumbua mpangilio huo, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1902.

Hizo ndizo monosakaridi, yaani sukari mojamoja. Mbili zikiungana, molekuli moja ya maji hutoka, tukapata disakaridi, yaani sukari pacha: sukrosi, ambayo ndiyo sukari ya mezani, ni glukosi na fruktosi, laktosi ya maziwa ni glukosi na galaktosi. Kuzitenganisha kunahitaji maji yarudishwe na kimeng'enya, protini inayoharakisha kazi hiyo, kiwepo. Asiye na laktasi ya kutosha, kimeng'enya kinachokata laktosi, akinywa maziwa, laktosi hushuka nzima hadi utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, na tumbo likajaa gesi.

Glukosi zikiungana kwa mamia au maelfu, hapo ndipo pana uhondo. Zinaweza kuungana kwa namna mbili, alfa na beta. Kiungo cha alfa hufanya mnyororo ujisokote. Huo ni wanga, na amilasi, kimeng'enya cha mate, huanza kuukata ukiwa bado mdomoni. Kiungo cha beta huunyoosha mnyororo, minyororo ikalala sambamba na kushikana. Hiyo ni selulosi, ambayo ndiyo iliyojenga uzi wa pamba, nyuzi zinazoimarisha kuta za seli za mimea. Vimeng'enya vyetu haviwezi kukata kiungo hicho. Hata ng'ombe hakikati mwenyewe, hutegemea vijidudu vya tumboni mwake. Kwetu sisi selulosi hupita kama nyuzinyuzi, na choo hulainika.

Wanyama huweka akiba ya glukosi kwa umbo la glikojeni, yenye matawi mengi, ndani ya ini na misuli. Glukosi nyingi ikiachwa huru ndani ya seli ingevuta maji hadi seli ivimbe. Kitini, gamba la wadudu na ukuta wa kuvu, hujengwa kwa sukari yenye nitrojeni.

Nishati na ujenzi si kazi pekee, jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Makundi ya damu A na B hutofautiana kwa sukari moja tu kwenye ncha ya minyororo mifupi juu ya seli nyekundu. Kundi AB lina zote mbili. Kundi O halina hata moja kati ya hizo.