Ulemavu unaotokana na ukoma: maswali na majibu kwa wakazi wa Tabora

Je, ni kweli kwamba ukoma hula vidole?

Si kweli, ingawa ndivyo wengi wetu tulivyosimuliwa tangu utotoni. Vimelea vya ukoma, ambavyo Gerhard Armauer Hansen wa Norwei alivitambua mwaka 1873, hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo ikiharibika, mkono au mguu hufa ganzi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo anayechochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, usiku, au mama anayeepua sufuria mafigani, hujua kwamba ameungua pale tu anapoona lengelenge. Na kwa kuwa hasikii maumivu, huendelea kukitumia kiungo hicho kama kizima, kidonda kikachimbika, usaha ukafika mfupani, na mfupa ukapungua kidogo kidogo hadi kidole kikabaki kifupi. Kinachomaliza kidole ni jeraha lisilouma.

Mbona wengine hupinda vidole bila kuwa na kidonda?

Kwa sababu mishipa hiyo huendesha misuli pia. Ukiharibika unaopita nyuma ya kiwiko, kidole cha mwisho na cha pete hujikunja. Ukiharibika wa pembeni mwa goti, unyayo hulegea na kuburuzwa. Ukiharibika wa usoni, jicho halifumbi, na hatimaye huweza kupofuka.

Mgonjwa akimaliza dawa, ulemavu huondoka?

Dawa mseto, ambazo hutolewa bure, huua vimelea kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ukoma, lakini hazifufui mshipa uliokwisha kufa. Hata hivyo, ganzi au udhaifu ambao haujatimiza miezi 6 huweza kupona kwa predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mishipa, mradi mgonjwa awahi kituoni. Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba mabaka huweza kuvimba na mishipa kuuma katikati ya matibabu, au hata baada yake, kwa sababu kinga ya mwili inapambana na vimelea. Mgonjwa hudhani dawa inamdhuru, akaiacha, ilhali huo ndio wakati wa kumwona mhudumu siku hiyo hiyo.

Mwenye ganzi ya miguu afanye nini nyumbani?

Kila siku aikague, hata katikati ya vidole, na asiyeona vizuri akaguliwe na mjukuu. Ailoweke katika maji ya kawaida kwa takribani dakika 20, asugue sugu taratibu kwa jiwe, kisha apake mafuta ngozi ingali na unyevu. Kiatu kiwe na soli ngumu na kiwe laini ndani: katambuga huzuia miiba vizuri, lakini misumari yake huweza kumchoma mtu kutwa nzima bila yeye kujua, kwa hiyo amwombe fundi aishone. Kidonda kikitokea, tiba kubwa ni kuupumzisha mguu, jambo ambalo msimu wa kuvuna tumbaku hauliruhusu kirahisi; hivyo ndugu wapokee kazi za shambani mpaka kidonda kifunge.