Fangasi vamizi baada ya kupandikizwa ini: maana yake

Fangasi vamizi si wale wa vidoleni wala mashilingi ya kichwani kwa watoto. Ni fangasi waliovuka ngozi au utando wa utumbo wakaingia ndani: kwenye damu, tumboni, mapafuni, hata kwenye ubongo. Aliyepandikizwa ini huwapa nafasi kwa sababu takrolimasi na prednisoloni, dawa zinazouzuia mwili usilikatae ini jipya, huupunguzia mwili huohuo kinga.

Anayeongoza ni Kandida, na mara nyingi hatoki mbali: anaishi utumboni mwa mgonjwa mwenyewe. Hupenya pale operesheni iliporefuka, damu nyingi ikaongezwa, tumbo likafunguliwa mara ya pili, figo zikahitaji mashine, au njia ya nyongo ikaunganishwa na utumbo. Mwezi wa kwanza ndio mbaya zaidi, kwa hiyo wenye hatari kubwa huanzishiwa dawa ya kinga mapema. Akionekana kwenye damu, mipira ya mishipani hutolewa, na dawa huendelea angalau siku 14 tangu damu ilipopimwa ikawa safi, si tangu homa iliposhuka.

Aspergilasi huvutwa kwa pumzi, akakaa mapafuni. Kriptokokasi, wa mavi ya njiwa, kwa kawaida huchelewa miezi, kisha kichwa kikauma siku nenda siku rudi. Basi aliyerudi Unguja au Pemba kutoka India na ini jipya asifagie dari la njiwa, asitifue samadi, asiezue makuti yaliyooza. Karafuu zilizoota ukungu amwachie mwengine kuzichambua. Na homa isingojewe, maana prednisoloni huweza kuificha.

Kosa jepesi kufanyika, na zito kwa matokeo, hutokea duka la dawa. Mtu ana muwasho, anauziwa flukonazoli, dawa ya fangasi, kama mteja mwengine yeyote. Dawa hiyo huzuia takrolimasi isivunjwe mwilini, kwa hiyo vidonge vilevile vya kila siku vinazidi kwenye damu: mikono inatetemeka, figo zinaumia. Vorikonazoli, dawa nyengine ya fangasi, ni kali zaidi kwa hilo. Ikianzwa, takrolimasi hushushwa hadi kama theluthi moja ya dozi ya awali. (Balungi nalo hufanya vivyo hivyo, tunda tu lakini liachwe.) Upande wa pili husahaulika: flukonazoli ikiachwa kimyakimya baada ya dozi kupunguzwa, takrolimasi hushuka na mwili ukaanza kulikataa ini. Damu ipimwe kiwango cha takrolimasi, dawa ya fangasi inapoanza na inapokwisha; itolewe asubuhi kabla ya kumeza kidonge cha takrolimasi, saa 12 baada ya kile cha usiku.

Kwa utando mweupe wa mdomoni, nistatini ya maji haina ugomvi huo, kwani karibu yote hubaki njiani mwa chakula. Mkubwa hupewa mililita 4 hadi 6 mara 4 kwa siku. Aizungushe mdomoni kwa muda ndipo ameze, na asile wala kunywa papo hapo.